Majaketi ya Salgaa

"Kaa chini, sajini," Chepkemboi alisema bila kuinua macho. "Damu ya marehemu haisomewi mtu aliyesimama mlangoni kama askari jela."

Sajini Masinde wa upelelezi alivuta kiti cha chuma akaketi. Maabara ya Chepkemboi ilikuwa nyembamba, ghorofani, katikati ya mji wa Nakuru, na ilinuka spiriti. Alikuwa amekuja na swali moja tu: kitu kilichoharibu mwili wa Wamalwa kiliingia kwa mkono wa nani? Mjini jibu lilishapatikana. Edinah, mjane wa Wamalwa, alikuwa seli tangu ndugu za mumewe walipomburura hadi kituoni, na Inspekta Weldon alitaka kumfikisha kortini kesho asubuhi kwa shtaka la mauaji.

Wamalwa alikuwa dereva wa malori. Alianguka kando ya lori lake pale Salgaa, akakata roho kabla hajafikishwa hospitali. Daktari aliyempasua alikuta bonge la damu iliyoganda. Lilitoka mguuni, likapanda likaziba mapafu. Lakini moto haukuwashwa na bonge hilo. Moto uliwashwa na wazee waliokwenda mochari kumwosha. Walipomvua shati, wakakuta kifua cha mwanamwali juu ya mwili wa mwanamume. Walirudi nyumbani kimya kama waliotoka kuiba. Wakapekua mkoba wa Edinah, wakakuta vidonge vya kupanga uzazi. Kufikia jioni, hadi wauza mboga walikuwa wakieleza jinsi Edinah alivyomsagia bwanake vidonge kwenye chai akamgeuza mwanamke, na alipoona haitoshi, akamuua.

Masinde, yeye, alikuta kitu kingine. Ndani ya jaketi la marehemu kulikuwa na risiti ya maabara hii.

"Alikuja na jina la uongo," Chepkemboi alisema. "Ila hiyo picha uliyoleta ni yeye. Asubuhi yote jua linawaka, na amevaa jaketi zito amefunga hadi kidevuni. Akaniambia hataki kutolewa damu na mwanamke. Nikamwambia basi aende atafute dume linalojua mshipa, mimi nina foleni. Akanyoosha mkono."

"Na majibu?"

"Hakurudi. Wanaume wengi wa ugonjwa huu hawarudi. Wanaogopa karatasi kuliko kaburi." Sasa aliinua macho. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye shingo ndefu na subira fupi. "Sajini, umewahi kupanga gwaride la utambulisho?"

"Mara nyingi."

"Basi hata mimi. Mwanamume akiota matiti, washukiwa ni wengi. Nawapanga mstari mmoja, halafu nawatoa wale hawana hatia." Akagonga meza kwa kidole. "Wa kwanza ni ini. Mtu wa chang'aa, ini likichoka linashindwa kuondoa homoni ya kike, inajaa."

"Wamalwa alikuwa anakunywa."

"Alikunywa, na ini lake lilikuwa safi kuliko la pasta wangu. Ini nenda nyumbani. Figo pia, nzuri. Tezi ya shingo, nzuri. Kuna homoni ya maziwa, prolaktini, hiyo hupanda kukiwa na uvimbe kichwani. Haikupanda. Halafu nikafanya kipimo cha mimba."

Masinde alimtazama.

"Usinitazame hivyo. Saratani ya korodani huweza kutoa homoni ile ile inayotolewa na mimba. Kuna mwanamume aliletwa hapa akatoka na jibu la mjamzito, na hilo jibu ndilo lilimwokoa, akapasuliwa mapema. Huyu wako hakuwa nayo. Hana saratani hiyo."

"Wamebaki akina nani?"

"Amebaki mmoja, na ni mjanja." Alivuta kiti karibu. "Homoni yake ya kiume ilikuwa chini kabisa. Sasa sikiza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo. Hiyo ndiyo mnyapara. Inatuma amri kwa korodani: fanyeni kazi. Korodani zikiwa mbovu, mnyapara anapiga kelele, amri zinaongezeka, nami naziona kwenye damu. Kwa Wamalwa, korodani zimelala, na mnyapara naye ameketi kimya. Amri hakuna."

"Mnyapara atanyamazaje na kazi haifanyiki?"

"Hapo ndipo nilitaka ufike. Ananyamaza akiona homoni ya kike imejaa damuni. Anadhani shamba limelimwa."

"Kwa hivyo estrojeni ilikuwa juu."

"Ilikuwa chini."

Nje, mhubiri wa mtaani alikuwa akifoka kwa kipaza sauti juu ya moto wa milele.

"Mashine yangu," Chepkemboi aliendelea, "inajua sura moja ya estrojeni: ile mwili wenyewe unatengeneza. Mnyapara ameona homoni. Mashine haijaiona. Wewe ndiye mpelelezi."

"Imevaa sura nyingine," Masinde alisema polepole. "Si ya mwili wake. Imetengenezwa kiwandani, ikaingizwa."

"Sasa umeketi vizuri."

Lakini Masinde hakuhisi ameketi vizuri. Kila mshukiwa aliyetolewa kwenye lile gwaride aliacha kamba yake, na kamba zote zilikuwa zikizunguka shingo moja. "Vidonge vya kupanga uzazi. Hivyo mashine inaviona?"

"Hivyo navyo inavipita. Najua unachofikiria. Mimi sijasema ni mke. Mimi nimesema imetoka nje, na si ya siku moja. Kifua hakifuri kwa kikombe kimoja cha chai. Alikuwa anaipata karibu kila siku, miezi kadhaa. Na ndiyo, homoni hizo hugandisha damu. Mtu akikaa kwenye usukani kutwa nzima, inaganda upesi zaidi. Daktari wenu ataapa kwa yote mawili."

*

Edinah alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, mgongo ukutani, mdomo umevimba upande mmoja. Shemeji yake Sitati ndiye aliyempiga, mbele ya watoto, kisha akawachukua watoto hao akawapeleka kwa mama yake mwenyewe.

"Wamekula?" ndilo neno la kwanza alilosema.

"Sijui, mama. Nitauliza." Masinde alichuchumaa. "Niambie kitu kimoja. Wamalwa alikuwa anakuja nyumbani mara ngapi?"

"Mwisho wa mwezi. Analala usiku mbili, anarudi barabarani. Mwezi mwingine haji."

"Na hivi karibuni alikuwaje?"

Alicheka kidogo, kicheko kikavu kama ganda la hindi. "Alikuwa analala na jaketi. Nikamwambia, baba watoto, hii nyumba iko na baridi gani? Ananyamaza. Anaoga usiku, taa imezimwa. Nikajua tu ako na mwanamke Salgaa, amemwachia alama ya meno. Tukagombana. Siku ya mwisho nilimwambia akitoka asirudi." Akapangusa upande mzuri wa mdomo kwa mkono. "Afande, ningejua ni hilo tu, ningemwambia ni kifua tu. Vua ulale."

"Vidonge ni vyako?"

"Ni vyangu. Tuna watoto wanne, na mtu wangu yuko barabarani. Ningefanya nini?"

"Wanasema ulimwekea kwenye chai."

"Usiku mbili kwa mwezi?" Sasa alimtazama usoni. "Kwa usiku mbili ageuke mwanamke? Hata ng'ombe hanenepi hivyo."

Masinde alisimama, magoti yakalia. Karibu kila siku, Chepkemboi alisema. Usiku mbili kwa mwezi, Edinah alisema. Katikati ya maneno hayo mawili kulikuwa na mtu mwingine, aliyemlisha Wamalwa siku zile nyingine zote.

Inspekta Weldon alimkuta mlangoni. Alikuwa mtu mnadhifu, mchovu, ambaye simu yake haikukoma kulia tangu kesi hii ianze.

"Vidonge tunavyo, mwili tunao, maabara imesema homoni imetoka nje. Unatafuta nini tena?"

"Mtu aliyekula naye."

"Masinde, familia inataka kuzika Jumamosi, na wanataka kuzika wakijua ni nani. Tusipowapa mtu mahakamani, watajichukulia wenyewe. Una mpaka kesho asubuhi."

*

Salgaa saa ya chakula cha mchana ni malori tu, yamepangwa kando ya barabara kuu kama treni iliyokosa reli, na harufu ya breki zilizoungua. Lori la marehemu lilikuwa bado pale, limefungwa utepe wa polisi. Masinde alilizunguka mara moja, akatazama mlango wa dereva unafungukia wapi. Ulifungukia moja kwa moja kwenye hoteli ya mabati iliyoandikwa Immaculate.

Aliinama akaingia. Ndani kulikuwa na joto la kupika mtu. Moshi wa nywele za ng'ombe zilizochomwa ulining'inia chini ya bati; Immaculate, mwenye hoteli, alikuwa bingwa wa supu ya kichwa. Madereva wapatao kumi walikuwa mezani, na aliyekuwa na sauti kubwa zaidi alikuwa jitu moja la Eldama Ravine lililoitwa Kibii.

"Niaje boss," Kibii alisema, akimpima Masinde kuanzia viatu. "Wewe ni polisi. Polisi hula akitazama mlango. Umekuja kutuambia mama amefungwa miaka mingapi?"

"Bado hajafungwa."

"Mnangoja nini? Mimi nilimwambia Wamalwa, chunga chai ya nyumbani. Ona sasa. Mtu ameenda kuzikwa na anahitaji sidiria."

Meza zilicheka. Masinde naye alitabasamu, kwa sababu mtu anayetabasamu haulizwi anatazama nini. Alikuwa akitazama nguo. Ndani ya joto lile, ambamo yeye mwenyewe alikuwa amelegeza tai na jasho likimtiririka mgongoni, wengi walikuwa wamebaki na fulana. Watatu hawakuwa. Mmoja, pale kona, jaketi la ngozi, zipu hadi kooni. Mmoja karibu na dirisha, sweta juu ya shati juu ya sweta. Na Kibii mwenyewe, kabuti la kijani, vifungo vyote vimefungwa, jasho likimdondokea kwenye bakuli.

Kwenye mabakuli ya hao watatu, juu ya mchuzi, kulikuwa na sikio.

Aliagiza supu. Ilikuja na kipande cha shavu. "Mathe, mbona mimi sina sikio?"

Immaculate, mama mnene mwenye kijiko kikubwa kama kasia, alimtazama kwa huruma. "Sikio haliuzwi, baba. Kichwa kimoja kina masikio mawili tu. Ni heshima ya wateja wangu wa kila siku. Wewe rudi rudi, utapewa."

"Wamalwa alikuwa anapewa?"

"Wamalwa? Huyo nilikuwa namwekea hata akichelewa." Akapangusa jicho kwa kanga. "Watu kama yule siku hizi hawako."

Masinde aliusukuma mchuzi kando. Akahama, akaketi mbele ya yule wa jaketi la ngozi kwenye kona. Makhanu, dereva wa kampuni moja na marehemu. Alimsalimia kwa Kibukusu, akamuuliza alipashwa tohara Agosti ya mwaka gani. Makhanu akautaja.

"Huo ni wangu," Masinde alisema.

Makhanu alifumba macho. Bakoki, watu wa tohara moja wanaoitana wakoki, hawafichani. Wanaweza kutukanana mbele ya wakwe, wanaweza kuingia jikoni kwa mwenzao bila kubisha, na mmoja akimuuliza mwenzake juu ya mwili wake, hajibiwi kwa uongo. Kila mmoja alijua hilo. Makhanu alitafuta mlango kwa macho, kisha akaacha.

"Twende nyuma ya lori," alisema.

Huko nyuma, kati ya tairi na ukuta, alishusha zipu. Kifua chake kilikuwa kama kile cha Wamalwa. Akaifunga tena hadi kooni.

"Wakoki, tangu lini?"

"Tangu mvua ya vuli. Kwanza ilikuwa kama gololi chini ya chuchu, inauma. Nikadhani mimi ndiye nimerogwa. Nikaenda kwa mtu wa maombi, nikaenda kwa mtu wa miti. Wamalwa alipokufa na wakasema ni bibi, nikatupia mbwa chakula alichonitumia bibi yangu." Alimeza mate. "Na bibi yangu yuko Kimilili. Sijala kwake tangu Krismasi."

"Na ulinyamaza. Edinah yuko seli."

"Nina kijana anaingia tohara Agosti hii, wakoki. Nani atasimama na mtoto wa mtu mwenye matiti?"

Masinde alirudi akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Vichwa vya ng'ombe vilikuwa vimepangwa juu ya gunia, vimechomwa nywele, vyeusi, masikio yamesimama. Alishika sikio moja akalifinya kutoka chini kwenda juu. Upande wa nyuma, chini ya ngozi, vidole vyake vilipita juu ya vitu vigumu, vidogo, vimefuatana mstari kama punje kwenye gunzi. Akashika kichwa cha pili. Vilikuwepo. Cha tatu, vilikuwepo.

"Mathe, hizi ni nini?"

"Hizo? Ni chanjo." Immaculate hakugeuka hata. "Ng'ombe wa shamba kubwa huchanjwa sikioni. Ukiona hizo ujue ni ng'ombe msafi, si wa kufia barabarani. Mimi sinunui kichwa kisicho na chanjo."

"Unavitoa kabla ya kupika?"

"Nitoe chanjo kwa nini?"

Masinde aliomba kisu. Alipasua ngozi, na punje zikamwagikia kiganjani: nyeupe, za mviringo, zimeshindiliwa na mashine. Hakuna ng'ombe aliyechanjwa kwa vidonge. Alizipiga picha, akamtumia Chepkemboi, na simu ikalia kabla hajanawa mikono.

"Umezitoa wapi?" Sauti yake haikuwa na mzaha.

"Sikioni mwa ng'ombe."

"Hizo ni za kunenepesha. Ni homoni, ya kiwandani. Wanaipachika sikioni ndiyo iyeyuke polepole fahali ajaze nyama. Na wanachagua sikio kwa sababu huko homoni ilikotoka, ng'ombe akichinjwa, sikio hutupwa. Sajini, usiniambie kuna mtu anakula hayo masikio."

"Wanapewa kama heshima. Ukichemsha, inakufa?"

"Nyingine haijali moto. Niletee hizo. Na niletee watu."

Vichwa, Immaculate alieleza, huletwa na pikapu kutoka Ndabibi, kwenye shamba la mtu aitwaye Jamleck, tajiri anayeishi Milimani, ambaye hula nyama ya mgongo tu na hajawahi kukanyaga Salgaa. Alieleza akiwa bado na kijiko mkononi. Halafu maana ya maswali ikamfikia, akaketi chini taratibu juu ya gunia, katikati ya vichwa.

"Mimi nilimwekea hata akichelewa," alisema.

Masinde alimpigia Inspekta Weldon. Alieleza yote. Upande wa pili Weldon akapumua.

"Nakuamini. Lakini wakili wa Jamleck atacheka mpaka alie. Sikio la ng'ombe si shahidi. Na Sitati atasema umenunuliwa. Nataka watu walio hai, wenye damu, wenye majina. Wakubali mbele ya watu. Mtu mmoja hatoshi, ataitwa rafiki yako. Bila hao, mama anaenda kortini saa tatu."

Makhanu alikuwa bado nyuma ya lori, amejiegemeza kwenye tairi. Alisikiliza hadi mwisho. Akatikisa kichwa.

"Nichukue damu kimya kimya. Niandike jina lingine."

"Wamalwa aliandika jina lingine. Laiti angeandika lake, angekuwa ameketi hapa na mkewe angekuwa nyumbani." Masinde alisogea karibu. "Ulisimama uchi alfajiri, matope ya mto yamekuganda mwili mzima, kisu kiko chini na kijiji kizima kinalitazama jicho lako kama litapepesa. Lilipepesa?"

"Halikupepesa."

"Na leo unashindwa na zipu."

Makhanu alimtazama kwa chuki ya kweli. Kisha akampita, akatembea kuelekea hotelini, na Masinde akamfuata kwa umbali, kwa sababu njia nyingine mtu hasindikizwi.

Kibii alikuwa bado anasimulia. Makhanu alisimama katikati ya meza, akashusha zipu mpaka chini, akalivua jaketi, akalivua na shati, akaviweka juu ya kiti. Akasimama mikono ikiwa pembeni. Macho yake yalikuwa yameganda ukutani, mbali, juu ya vichwa vya watu.

Kicheko kimoja kilianza karibu na mlango, kikakosa wa kukipokea, kikafa.

"Si Edinah," Makhanu alisema. "Mimi sijawahi kunywa chai ya Edinah. Ni sikio. Tunalila hapa. Afande anataka damu. Kesho mapema, Nakuru. Mimi naenda."

Hakuna aliyesogea. Mafuta yaliganda juu ya mchuzi. Yule wa sweta mbili aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza, mabega yakaanza kutikisika.

Kibii aliweka kijiko chini. Alilitazama bakuli lake kwa muda mrefu, lile sikio lililoumwa nusu, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Mkono wake mkubwa ulipanda hadi kwenye kifungo cha juu kabisa cha kabuti. Vidole vilikuwa na mafuta. Kifungo kiliteleza mara mbili kabla hakijatoka. Akaenda cha pili.

"Afande," alisema bila kumtazama mtu, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili. "Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Andika Kibii. Ndilo jina langu."

Akaenda kifungo cha tatu.